Dhahabu ya Roma, Fedha ya Madina

Mwaka 216 KK, baada ya Hannibal kuliangamiza jeshi la Roma huko Cannae, ndugu yake Mago alirudi Carthage kupeleka habari. Ili wazee wa baraza wamsadiki, aliamuru pete za dhahabu zilizovuliwa vidoleni mwa maadui zimwagwe mlangoni pa ukumbi wao. Mwanahistoria Titus Livius anaandika kwamba wapo waliolikadiria rundo lile kuwa vipimo vitatu na nusu vya nafaka. Yeye aliona kinachosadikika ni kipimo kimoja, yaani karibu lita 9. Mago akafafanua kwamba pete zile huvaliwa na tabaka la wapanda farasi tu, tena wakubwa wao. Wazee wakaelewa ni watu wa aina gani waliokufa.

Kwa Warumi, pete ya dhahabu ilikuwa cheo. Wengine walivaa chuma. Mwandishi Plinius anasimulia kwamba hapo zamani hata jemadari aliyeingia mjini kwa gwaride la ushindi, taji la dhahabu likiwa limeinuliwa juu ya kichwa chake, kidoleni alikuwa na chuma. Mwaka 23 BK, enzi za Tiberio, ikawekwa kanuni: asivae pete ya dhahabu ila aliyezaliwa huru, ambaye baba yake na babu yake pia walizaliwa huru, mwenye mali ya sestersi 400,000 na haki ya kuketi katika safu 14 za mbele kwenye ukumbi wa maigizo. Huyo babu ndiye anayenichoma moyo. Waliotunga kanuni hii walijua fika kwamba mtumwa aliyeachwa huru anaweza kutajirika kuliko bwana wake wa zamani, kwa hiyo wakaweka ukuta ambao mali peke yake haiwezi kuuvuka.

Waliowavusha watu ukuta huo walikuwa watawala wenyewe, kwa hisani. Hata kabla ya kanuni hiyo, Antonius Musa, tabibu aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa haki ya kuvaa dhahabu kwa kumponya Augusto mwaka 23 KK. Mwishoni mwa karne ya 2 BK, Septimius Severus akawaruhusu askari wake kuivaa.

Lakini pete ya Kirumi ina upande mwingine, nao ndio ninaouheshimu. Ilitia muhuri. Fundi aliichonga kwa kuzamisha, tena kinyumenyume, kushoto kukiwa kulia, ili ikigandamizwa kwenye nta picha itokee sawa. Jemadari Sulla alichongesha tukio la yeye kukabidhiwa mfalme Jugurtha akiwa mateka, na Marius, aliyekuwa mkuu wake vitani, hakumsamehe kwa hilo. Augusto alianza na sfinksi, akahamia kwenye sura ya Aleksanda Mkuu, kisha akatumia sura yake mwenyewe iliyochongwa na Dioscurides. Chochote kilichobeba alama ile kilikuwa kauli yake, hata kama yeye yuko mbali.

Zaidi ya miaka 600 baada ya Augusto, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikusudia kuwaandikia watawala wa nchi za nje. Akaambiwa kwamba Warumi, hawa wa Konstantinopoli, hawasomi barua isiyo na muhuri. Ndipo akatengenezesha pete ya fedha, ikachorwa jina lake na cheo cha ujumbe wake kwa mistari mitatu. Hapo mila mbili zilikutana kwenye kidole kimoja, na Madina ilichagua: ikachukua muhuri, ikaiacha dhahabu. Dhahabu na hariri zikawa halali kwa wanawake na haramu kwa wanaume. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inasimulia kwamba Mtume alimvua mtu pete ya dhahabu akaitupa. Baadaye watu walimwambia mwenye pete aiokote anufaike nayo, naye akakataa.

Roma iliuliza baba yako ni nani na babu yako ni nani. Hukumu ya Madina haikuuliza nasaba: tajiri na maskini, mwungwana na aliyeachwa huru, wote walizuiliwa sawasawa. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa kuliko tofauti ya madini. Sisemi kwamba fedha iliondoa matabaka. Mabwana wengi wa mashamba ya karafuu Unguja walikuwa Waislamu, na walimiliki watu. Lakini dhahabu ya kidoleni haikuwa kipimo cha uungwana wa mwanamume.

Pwani yetu inalijua jambo hili vizuri. Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala. Karne nyingi madini yale yalipita mikononi mwa wafanyabiashara Waislamu bila idhini ya kukaa vidoleni mwao. Dhahabu ilikuwa ya bibi harusi. Mume alivaa fedha yenye kito cha akiki.

Kanisa Katoliki nalo limeirithi Roma. Laurean Rugambwa wa Bukoba alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, aliingia katika daraja ambalo pete ni alama yake. Pete ya Papa huharibiwa anapofariki, ili asitokee mtu wa kutia muhuri kwa jina lake. Papa Fransisko alichagua ya fedha iliyopakwa dhahabu.

Pete za kiume za kifahari zinazouzwa leo kwa jina la Roma ya kale huwa na kichwa cha Kaisari au tai aliyeinuliwa juu ya dhahabu. Bulgari, masonara wa Roma tangu 1884, hupachika sarafu halisi za kale kwenye vito vyao, na hilo nalipenda zaidi kwa kuwa kitu chenyewe ni cha Roma. Nyingi zilizobaki zimechukua cheo zikaacha kazi. Mwenye uwezo wa kuagiza, namshauri amwombe sonara amchongee kwa kuzamisha, jina lake au alama ya ukoo wake, kinyumenyume, kisha aijaribu kwenye nta kabla ya kulipa. Akiwa Mwislamu, aagize ya fedha. Itatia muhuri vilevile, na bei itakuwa ndogo.