Kumtambua Adui: Funzo la Mipaka Yetu, 1964–1979

Taifa hupanga ulinzi wake kwa kadiri linavyomtambua adui. Kazi hiyo si ya makamanda peke yao. Ni kazi ya siasa, na kwa hiyo ni kazi ya Chama. Historia yetu inathibitisha jambo hilo.

Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi tulilorithi kwa mkoloni lilivunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Hatari kubwa ilikuwa kusini. Ng'ambo ya Mto Ruvuma walikuwako Wareno, nasi tulikuwa tumewapa wapigania uhuru wa FRELIMO mahali pa kujiandaa. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote wa Uganda. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo, uliotaka umma wenyewe uandaliwe kulinda nchi kwa njia ya mgambo.

Kaskazini ulizuka mgogoro wa namna nyingine. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka kwetu wakashindwa, na ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba. Kwetu Amin alikuwa mnyang'anyi wa madaraka. Kwake, wakimbizi wale walikuwa mkono wa Tanzania. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba 1972 uliyataka majeshi yarudi kilomita 10 kutoka mpakani. Majeshi yalitengana, lakini uadui ulibaki palepale.

Juni 1975 Msumbiji ilijitawala, na Wareno wakaondoka kusini. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka yakakuta walinzi wachache Kagera. Yaliua raia, yakapora mali, yakabomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni lake. Maelfu ya mgambo walijiunga na jeshi. Kagera ikakombolewa, na Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Maandalizi yaliyoagizwa mwaka 1971 kwa hofu ya Wareno yalizaa matunda kaskazini.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mkataba hauondoi uadui ambao chanzo chake hakikuguswa. Kada hana budi kuchunguza jirani anatuonaje, hata pale ambapo haki iko upande wetu. Pili, hatari huhama mpaka mmoja hadi mwingine kuliko mipango inavyotazamia. Ngome haihami, bali umma ulioelimishwa na kufundishwa huweza kuifuata hatari popote ilipo.