SEHEMU YA 3: Binti kamaliza shule, anataka kufungua masaji. Soma kwanza yaliyotokea London mwaka 1894

Tangu niandike ile sehemu ya kumkanda mzazi, swali linalorudi ni moja: binti kamaliza shule, kaona tangazo la kozi ya masaji, wiki chache tu cheti mkononi, halafu ajiajiri. Je, alipiwe ada? Kabla hujafungua pochi, twende London kidogo.

Miaka ya 1880 masaji ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Daktari mmoja wa Marekani, Silas Weir Mitchell, alikuwa ameeneza tiba ya kupumzisha wagonjwa, wengi wao wanawake waliochoka mwili na akili. Mgonjwa analazwa wiki kadhaa, haruhusiwi kuinuka, analishwa sana na maziwa kwa wingi. Sasa mtu akilala muda wote huo misuli inalegea, kwa hiyo ilibidi akandwe. (Leo hatumlazi mtu hivyo. Hata mama wa upasuaji tunamwinua mapema, maana kulala muda mrefu kunaleta damu kuganda.) Ila tiba hiyo ilifungua ajira, na matajiri wa London nao wakaanza kutafuta wakandaji.

Penye soko wajanja hawakosekani. Watu wakaanzisha mafunzo ya haraka haraka, wanachukua ada, wanagawa vyeti na kuwaahidi wasichana kwamba kazi zipo tele. Msichana anamaliza, anatoka nje, wagonjwa hakuna. Wakandaji wamekuwa wengi, madaktari hawamjui, na hela imeshaliwa. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, likaandika waziwazi kwamba nyumba nyingine zenye kibao cha masaji zilikuwa danguro tu, na kwamba wasichana wenye vyeti wasio na kazi ndio walikuwa wanaishia humo. Yaani binti aliyetoka kwao kwenda kujifunza ujuzi, anajikuta mlango pekee uliobaki wazi ni huo.

Fikiria sasa wale waliokuwa wanafanya kazi hii kwa uadilifu. Walichafuka wote. Wauguzi wanne, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, hawakukaa kulalamika. Mwaka huohuo wa 1894 walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa mtihani. Mimi kama nesi hapo najisikia vizuri, siwezi kuficha.

Masharti yao yalikuwa makali. Humkandi mtu bila maelekezo ya daktari. Hukandi wanaume, isipokuwa daktari aombe mahususi. Hujitangazi popote ila kwenye magazeti ya kitabibu. Humuuzii mgonjwa dawa. Hilo la wanaume lilikuwa la zama zao na halikudumu, maana vita ilipoanza mwaka 1914 wakandaji 50 walijitolewa kwa ajili ya majeruhi, na kikosi kikazidi kukua. Lakini hilo la dawa nalipenda mpaka leo. Ukiona mkandaji anakukanda huku anakusukumia vidonge na chupa za mafuta ya kutibu kila kitu, jiulize anaishi kwa kazi ipi kati ya hizo mbili.

Na la daktari lina maana kubwa kwetu wenye watoto wachanga. Mama aliyejifungua, mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto kuliko mwenzake, huo HAUKANDWI. Hata mama mkwe akisisitiza, mwambie kwa adabu, halafu mpande gari kwenda hospitali. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Mtu wa kozi ya wiki chache atajulia wapi?

Chama kile kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikabadili jina na kuwa chama cha wanafiziotherapia. Ndiyo, hawa wanaomfundisha mtoto wako mwenye mtindio wa ubongo kukaa na kusimama, kwa Uingereza chimbuko lao ni wale manesi wanne.

Kwa hiyo binti akikuletea karatasi ya kozi, usimkatishe tamaa. Kaa naye mwulize: anayefundisha amesomea wapi? Mtihani anatunga nani, mwenye chuo peke yake au kuna msimamizi wa nje? Atajifunza mifupa, mishipa na hali ambazo haziruhusiwi kukandwa? Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo, na unaweza kuongea na wawili? Wateja wa kwanza watatoka wapi? Na je, chumba cha kazi kitakuwa cha nani, nani atakuwepo jioni?

Kama ana ufaulu wa sayansi, KCMC pale Moshi wanafundisha fiziotherapia. Ni ndefu na ina gharama, ila aulizie kabla ya kukimbilia ile ya wiki chache. Kama hana, aanze kwa kufanya kazi chini ya mtu mwenye uzoefu na wateja wanaojulikana, kodi ya chumba isubiri.

Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Sehemu ya 4 ni kufunga tumbo baada ya kujifungua, hilo najua mtanitafuta.