Kompyuta bila kioo: kusoma mashini inavyowaka kupitia konsoli ya seriali

Masisi-centre iko karibu kilomita 80 kutoka Goma, na Walikale iko mbali zaidi, ndani ya pori. Mvua ikinyesha, barabara ni matope tu. Kompyuta ndogo ya Linux inayowekwa huko kwa kurusha vipindi, ikitumia mwanga wa jua, inaweza kuachwa bila kioo wala klavie, ju ya kupunguza mzigo na moto. Shida inakuja siku batri imekatika ghafla na mashini imegoma kuwaka. SSH haisaidii hapo: yenyewe inangoja mtandao usimame kwanza.

Konsoli ya seriali ni njia ya zamani. Mashini inatuma maandishi yake kwa waya, herufi moja moja, mpaka kwenye laptopu ya fundi. Lakini lazima iambiwe mapema. Kwenye kompyuta ya kawaida yenye Debian, fundi anafungua faili /etc/default/grub, anaongeza ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX maneno console=tty0 console=ttyS0,115200n8, kisha anapiga update-grub. Ile 115200 ni mwendo, biti kwa sekunde. Laptopu ikiwekwa mwendo mwingine, zinakuja herufi za takataka, na mtu anadhani mashini imekufa kumbe iko mzima.

Mpangilio wa maneno hayo mawili ndio unaangusha wengi. Ujumbe wa kwanza wa Linux unaenda pande zote mbili, lakini konsoli iliyoandikwa mwisho ndiyo inabeba yanayofuata, hata swali la neno la siri mashini inapoomba kutengenezwa. Tty0 ikiwa mwisho, waya unanyamaza katikati, na swali linaulizwa kwenye kioo ambacho hakiko.

Kwa Raspberry Pi, ni enable_uart=1 ndani ya config.txt, na console=serial0,115200 ndani ya cmdline.txt, bila kuvunja mstari. Pini 6 ni ya ardhi, 8 inatuma, 10 inapokea. Inayotuma inaungwa na inayopokea ya upande wa pili. Hapa pole pole: pini hizi zinavumilia volti 3.3 tu. Kebo ya zamani ya RS-232 inaweza kupita volti 10, nayo itaziunguza palepale.

Jaribio linafanywa Goma, kioo kikiwa bado mezani: kuzima, kuwasha, kusoma mpaka neno login litokee kwenye waya. Pi iko na nafuu moja, kadi yake inaweza kuchomolewa na kusahihishwa kwenye laptopu hata kule Walikale.