Makato

Wazee wa Kilimanjaro hawakuulilia ushirika, na sisi tunaosoma historia tusiwalilishe kwa nguvu. KNCU, iliyoanzishwa 1933, ilikuwa imewachosha: malipo kwa awamu, tena kwa kuchelewa. Msimu wa 1994/95, baada ya shinikizo la Benki ya Dunia na wafadhili wengine, serikali iliporuhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa vijijini, walikuja na fedha taslimu. Babu yangu aliwauzia. Nani angekataa?

Kilichopotea hakikuonekana kwenye mizani. Daftari la babu la ushirika limejaa makato: mrututu, mbolea, pampu. Mwenyewe aliyaita wizi. Mimi nikiyasoma leo naona mkopo. Ushirika ulitoa dawa mapema, ukajilipa kahawa ilipovunwa, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuiuza. Mlango ulipofunguliwa, nani tena amkopeshe mkulima dawa, ilhali mavuno anaweza kumpelekea mwingine? Ruzuku ya pembejeo nayo ilikuwa imeondolewa. Mibuni ikakaa bila kupulizwa, chulebuni ikaingia kihambani, buni zikaoza zingali mbichi.

Halafu bei. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulikwisha vunjika 1989. Kufikia 2001 bei ya dunia ilikuwa imeporomoka vibaya. Mwaka huo babu aling'oa nusu ya mibuni, akapanda nyanya. Shangazi yangu mdogo alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Alikwenda Himo, sokoni, kuziuza.