MWALIMU NA KATEKISTA: KAZI NA MAADILI KATIKA SHULE ZA KIKATOLIKI ZA SINGIDA

Shule hujulikana kwa mambo matatu: majengo yake, mafunzo yake, na watumishi wake. Majengo huonekana kwa macho, na mafunzo huandikwa katika vitabu. Bali watumishi ndio wabebao jambo lisiloonekana wala kuandikwa, nalo ni maadili. Kwa hiyo, atakaye kuijua historia ya shule za msingi za Kikatoliki katika Mkoa wa Singida haimtoshi kuuliza ni shule ngapi zilizojengwa. Hana budi kuuliza ni nani aliyefanya kazi gani ndani yake, na alikuwa akiwajibika kwa nani. Historia hiyo ina zamu tatu: zamu ya mtu mmoja aliyezibeba kazi zote, zamu ya kazi kugawanywa na sheria na fedha, na zamu ya Kanisa kurudi katika kazi ya shule kwa hali mpya.

Singida ni nchi ya uwanda wa juu katikati ya Tanzania. Mvua yake ni haba, chakula chake cha asili ni uwele na mtama, na utajiri wake ni ng'ombe. Wanyaturu, Wanyiramba, na kwa upande wa Manyoni Wagogo na Wakimbu, walikaa katika makazi yaliyotawanyika, na mtoto alikuwa mchungaji kabla hajawa kitu kingine chochote. Katika nchi hiyo Mapadre Weupe waliingia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaweka misioni ya Makiungu katika Uturu. Baadaye kazi iligawanywa: mwaka 1935 eneo la Dodoma liliwekwa chini ya Wapasionisti kutoka Italia, na mwaka 1943 eneo la Mbulu likawekwa chini ya Wapalotini kutoka Ayalandi. Nchi ambayo leo ni Jimbo la Singida ilitoka katika pande hizo mbili.

Padre hakuweza kufika kila mahali. Aliyefika kila mahali ni katekista. Huyu alikuwa kijana wa nchi, aliyebatizwa na kufundishwa, akapelekwa katika kigango kilicho mbali na misioni ili akae na watu. Asubuhi aliwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Jioni aliwafundisha wakatekumeni sala na katekisimu. Jumapili aliongoza ibada pasipokuwa na padre. Aliwazuru wagonjwa, aliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, na aliwasuluhisha waliogombana. Wakati wa mavuno, au wakati wa kuwapeleka ng'ombe kwenye maji ya mbali, ni yeye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi wazee wawaache watoto warudi shuleni. Kibanda chake cha udongo na nyasi kilikuwa shule siku sita na kanisa siku ya saba.

Kwa mtu kama huyo, swali la maadili ya shule halikuwa na maana. Maadili ya shule yalikuwa ni maisha yake mwenyewe. Akiwa mlevi, shule ilikuwa ya mlevi. Akiwa mkweli, watoto waliuona ukweli ukitembea kwa miguu miwili. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya shule za vigango, ijapokuwa elimu yake ilikuwa ndogo na aghalabu mwalimu alimzidi mwanafunzi kwa hatua chache tu.

Lakini si haki kuusifu umoja huo wa kazi bila kuutaja upande wake wa pili. Katekista aliyefanya kila kitu alikuwa pia chini ya mtu mmoja kwa kila kitu. Kazi yake, nyumba yake, ndoa yake na jina lake zilikuwa mikononi mwa misioni. Kosa katika jambo moja liliweza kumwondoa katika mambo yote. Mtoto naye hakuwa na mlango wa kujifunza kusoma ila ule uliopitia katekisimu. Uturu ni nchi yenye Waislamu wengi, na yenye watu wengi walioshika desturi za wazee wao. Huko mlango huo ulikuwa mpana kwa wengine na mwembamba kwa wengine.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya fedha. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, na mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatangaza msimamo wake kwamba misioni na serikali zishirikiane katika elimu, misioni zikipewa msaada na serikali ikipewa haki ya kukagua. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliuweka ushirikiano huo katika Tanganyika. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, alikutana na wakuu wa Kanisa mjini Dar es Salaam. Akawahimiza kwamba, wasipoweza kuyatimiza yote mawili, wachague kwanza kuziimarisha shule kuliko kujenga makanisa. Neno hilo lilikuwa zito. Maana yake ni kwamba Kanisa lilikubali kumtoa mwalimu katika kivuli cha katekista.

Tangu hapo watu wawili walitokea mahali pa mtu mmoja. Mwalimu alikuwa na cheti kutoka chuo cha ualimu, alifuata mtaala wa serikali, alikaguliwa na mkaguzi, na mshahara wake ulitegemea ruzuku. Katekista alibaki na neno la Mungu na posho ndogo ya misioni. Waliishi katika kijiji kimoja na kusali katika kanisa moja, lakini mmoja alivaa viatu na mwenzake hakuvaa. Tofauti hiyo ya kipato ilikuwa funzo ambalo halikuandikwa katika mtaala wowote, na watoto walilielewa upesi.

Kufikia miaka ya 1950, shule ya misioni iliyopewa ruzuku ilikuwa na ngazi zake za utumishi. Padre alikuwa meneja: ndiye aliyeajiri, aliyetunza hesabu na aliyejibu barua za idara ya elimu. Mwalimu mkuu alitunza daftari la mahudhurio, aligawa vipindi na kusimamia nidhamu. Walimu wa madarasa, wengi wao wakiwa wa Daraja la Pili, yaani waliosoma miaka minane kisha miaka miwili ya ualimu, walibeba madarasa manne ya kwanza kwa lugha ya Kiswahili. Mwalimu wa zamu alisimamia usafi, kengele na shamba la shule. Kila mtu alijua mpaka wa kazi yake. Faida yake ilikuwa kubwa: elimu ilipanda, na mwalimu akapata heshima iliyotokana na ujuzi, si utii pekee.

Hata hivyo, mwalimu huyo sasa alikuwa na mabwana wawili, na zama za kudai uhuru zilimwongezea wa tatu, ambaye ni taifa. Mfano ulio maarufu haukutokea Singida bali Pugu, katika shule ya Kikatoliki karibu na Dar es Salaam. Huko Julius Nyerere alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, na mwaka 1955 akaacha ualimu. Mwalimu mwenye moyo aliweza kuwa mtumishi wa Kanisa, wa serikali na wa watu wake kwa siku za kawaida. Siku ya mgongano ilimbidi achague.

Baada ya Uhuru uchaguzi huo ulifanywa na sheria. Mwaka 1962 walimu waliwekwa katika utumishi mmoja wenye masharti mamoja, wawe wa misioni au wa serikali. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliitaka shule iwe jamii yenye shamba na kazi za mikono, jambo ambalo kwa sura yake ya nje wazee wa misioni walikwisha kulijua. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule zilizopewa ruzuku mikononi mwa serikali. Padre akaacha kuwa meneja. Mwalimu akahamishwa popote alipohitajiwa. Na dini ikabaki katika kipindi chake, kikifundishwa aghalabu na katekista aliyetoka nje ya shule. Jimbo la Singida, lililoundwa mwaka 1972 chini ya Askofu Bernard Mabula, lilizaliwa wakati shule hizo zimekwisha kutwaliwa.

Je, maadili yalitwaliwa pamoja na majengo? Jibu si rahisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, ulikwisha kufundisha kwamba shule ya Kikatoliki hutegemea karibu kabisa walimu wake. Ikiwa hivyo ndivyo, basi palipobaki mwalimu mwadilifu palibaki na kitu cha shule ya zamani, ingawa kibao cha mlangoni kimebadilika. Wala utaifishaji haukuwa hasara tupu: mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo walikaa benchi moja kwa haki moja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha elimu kwa wote, watoto wengi waliokuwa machungani waliingia darasani, ijapokuwa waliwakuta walimu waliofunzwa kwa haraka.

Miaka ya 1990 ilileta zamu ya tatu. Mwaka 1992 makanisa na serikali yalitiliana saini mapatano ya ushirikiano katika elimu na afya, na mlango wa shule za binafsi ukafunguka tena. Shule ya msingi ya Kikatoliki ya siku hizi ina kazi nyingi kuliko zamani: mwenye shule, ambaye ni jimbo au shirika la watawa, bodi, mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mhasibu, matroni wa bweni, mpishi na mlinzi. Walimu wake si lazima wawe Wakatoliki, na wanafunzi wake pia. Lakini shule hiyo huishi kwa ada, ilhali shule za msingi za serikali hazitozi ada. Katekista alikwenda nyumba kwa nyumba kumtafuta mtoto wa mchungaji. Leo mtoto huyo huyo aweza kufika langoni akazuiwa na hesabu ya mhasibu.

Hapo ndipo historia inapoidai shule jibu. Haifai kumrudisha mtu mmoja wa kazi zote, kwa kuwa ujuzi wa leo wadai mgawanyo, na madaraka ya mtu mmoja yana hatari zake. Linalofaa ni kwamba maadili yasifanywe kazi ya mwalimu wa dini au wa nidhamu peke yake, kana kwamba ni somo miongoni mwa masomo. Mpishi apimaye chakula kwa haki hufundisha. Mhasibu amsikilizaye mzazi maskini hufundisha. Mwalimu mkuu amlipaye mlinzi kwa wakati hufundisha zaidi ya hotuba zake za asubuhi. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na katika shule, walezi ni watumishi wote, tangu mwenye funguo za ofisi hata mwenye funguo za ghala.