Baiti Mia za Mwanzo

Mwaka 2000, D. Richard Hipp alikuwa akifanya kazi ya mkataba katika kampuni ya General Dynamics, akiandika programu ya manowari ya makombora ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Data zote zilikaa kwenye hifadhidata ya Informix iliyoendeshwa na seva. Seva ikizimika, programu ya Hipp nayo ilikwama. Akajiuliza kwa nini data zisikae kwenye faili la kawaida, programu izisome yenyewe bila kuomba ruhusa kwa seva yoyote. Agosti mwaka huohuo akatoa SQLite.

Toleo hilo la kwanza lilitegemea gdbm, maktaba ya programu iliyotungwa na wengine. Gdbm haikuweza kutengua kazi iliyokatika katikati, na leseni yake ilikuwa na masharti. Septemba 2001 Hipp alitoa toleo la 2 lenye muundo wake mwenyewe wa faili.

Toleo la 2 lilikuwa na dosari moja kubwa: kila kitu, hata namba, kiliandikwa kama maandishi. Aliyetaka kuhifadhi picha alilazimika kuigeuza herufi kwanza. Mwaka 2004, kampuni ya America Online ikichangia sehemu ya gharama, Hipp aliamua kuandika muundo mpya ambao programu za zamani zisingeweza kuusoma kabisa. Uamuzi wa namna hiyo unaumiza, maana kila mwenye faili la zamani anaachwa upande wa pili wa mto. Ila namna alivyouvunja muundo ule inastahili sifa nyingi kuliko inazopata. Amri zote za toleo la 3 zilipewa majina mapya yanayoanza na sqlite3, hivyo programu moja iliweza kubeba maktaba zote mbili bila kugongana. Na njia ya kuhama ilikuwa wazi: maktaba ya zamani ilitoa yaliyomo yote kama maagizo ya SQL, lugha ya hifadhidata, yaani maandishi matupu yanayosomeka kwa macho, kisha maktaba mpya ikayatekeleza moja baada ya jingine na kujenga faili upya. Hakuna aliyelazimika kubahatisha.

Faili la toleo la 3 huanza na baiti 100 za kujitambulisha. Kumi na sita za mwanzo ni jina lake, SQLite format 3, likifungwa na baiti ya sifuri. Namba zinazofuata huandikwa kwa mpangilio mmoja popote pale. Hili lilihitaji kuamuliwa, kwa sababu vichakataji vya kompyuta havikubaliani: vingine huanza na sehemu kubwa ya namba, kama sisi tunavyosema ishirini na tano, na vingine huanza na ndogo, kama Mwarabu anavyosema tano na ishirini. SQLite ilichagua kubwa kwanza. Kwa hiyo faili lililoandikwa kwenye simu husomeka kwenye seva ya aina nyingine kabisa, bila kubadilishwa hata baiti moja.

Kwangu mimi busara kubwa zaidi imo kwenye baiti ya 18 na ya 19, tukihesabu kuanzia sifuri. Moja inasema ni kiwango gani cha muundo kinachohitajika ili kuandika, nyingine ili kusoma. Maktaba ikikuta baiti ya kuandika imezidi uwezo wake, inasoma tu na kuacha faili salama. Ikikuta ya kusoma imezidi, inakataa kabisa.

Julai 2010 baiti hizo zilipata kazi. Toleo la 3.7.0 lilileta mtindo wa WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, wasomaji wakiendelea na kazi wakati mwandishi anaandika. Faili linalowekwa kwenye mtindo huo hubadilishwa baiti zote mbili kutoka 1 kuwa 2. Maktaba za kabla ya hapo zililikataa, zikisema faili limesimbwa au si hifadhidata. Ujumbe huo ulitosha kumtisha mtu, lakini data zilikuwa salama: kulirudisha faili kwenye mtindo wa awali kwa maktaba mpya kulizirejesha baiti kuwa 1, na maktaba kongwe ikalifungua.

Maktaba ya leo bado inafungua faili la mwaka 2004. Android na iPhone hutumia muundo huohuo, na WhatsApp kwenye Android huhifadhi jumbe zake humo. Mwaka 2018 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka miongoni mwa miundo inayopendekezwa kuhifadhi data kwa muda mrefu, na waandishi wake wameahidi kuutunza hadi mwaka 2050. Maelezo ya kila baiti yamechapishwa hadharani, kiasi kwamba mtu asiye na mstari hata mmoja wa msimbo wa Hipp anaweza kukaa chini na kuandika kisomaji chake mwenyewe.