Jaji Jacob Trieber na Haki ya Kutafuta Riziki

Jacob Trieber alizaliwa mwaka 1853 katika mji mdogo wa Raschkow, uliokuwa chini ya ufalme wa Prussia na ambao leo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mwaka 1866 jamaa hiyo ilivuka bahari ikafika St. Louis nchini Marekani, na miaka miwili baadaye ikahamia Helena, mji wa jimbo la Arkansas ulio kando ya mto Mississippi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1865 tu. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nchi ya pamba, ambamo watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, na ambamo mtumwa wa jana alikuwa mpiga kura wa leo.

Alijifunza sheria kwa kukaa chini ya wakili mzoefu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, akapewa idhini ya uwakili mwaka 1876. Aliingia chama cha Republican, akawa diwani wa mji, kisha mtunza hazina wa wilaya yake, na mwaka 1897 mwendesha mashtaka wa Serikali ya Shirikisho. Mwaka 1900 Rais William McKinley alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho ya Mashariki ya Arkansas. Hakuna Myahudi aliyepata kukalia kiti cha namna hiyo kabla yake. Alikikalia miaka 27, mpaka kufa kwake mwaka 1927, na kesi nyingi alizoamua zilikuwa za reli, za biashara na za madeni. Hizo hazitatushughulisha hapa.

Yatupasa kwanza kueleza jambo moja ambalo msomaji asiyezoea sheria za Marekani huweza kulikosa. Nchi ile ina mahakama za aina mbili: za majimbo na za shirikisho. Kupiga, kutisha na kuua ni makosa ya kawaida, na hayo huhukumiwa na mahakama za majimbo. Mahakama ya shirikisho huwa na mkono pale tu ambapo Katiba au sheria ya nchi nzima imevunjwa. Sasa, katika Arkansas ya mwaka 1903, mtu mweusi aliyetishwa na genge la watu weupe angemshtakia nani? Wenye mamlaka wa jimbo walikuwa jirani za wale waliomtisha, na mara nyingi walikuwa wateule wao.

Mwaka huo magenge yaliyotembea usiku yalikuwa yakiwafukuza wakulima weusi katika mashamba waliyoyakodi. Katika wilaya ya Poinsett watu weupe 15 walikwenda na silaha kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, wakawaamuru wafanyakazi weusi wanane waiache kazi waliyokuwa wameifungia mkataba. Kosa la wanane hao lilikuwa rangi yao tu. Mawakili wa washtakiwa walidai kwamba shauri la namna hiyo halikuihusu mahakama ya shirikisho hata kidogo.

Trieber aliikataa hoja hiyo. Aliieleza rai yake katika kesi ya Morris ya mwaka 1903, iliyohusu kukodi mashamba. Alirejea kwenye Rekebisho la 13 la Katiba, lililofuta utumwa mwaka 1865, na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1866, iliyompa kila raia haki sawa na mzungu ya kufanya mikataba na kununua, kukodi au kuuza mali. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuipinga. Mtumwa hakuwa mtu aliyefungwa minyororo tu. Alikuwa mtu asiyeweza kujichagulia kazi wala kupanga shamba kwa jina lake. Aliyemwondolea mtu huru uwezo huo kwa sababu ya rangi yake alikuwa akimrudishia sehemu ya utumwa wenyewe, na Bunge lilikuwa na mamlaka ya kumwadhibu. Kwa maoni yangu hakuna jaji wa zama zake katika majimbo ya Kusini aliyeliona jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwaka 1904 watu watatu katika kesi ya kiwanda cha mbao, Hodges na wenzake wawili, walitiwa hatiani, wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja na faini ya dola 100.

Hawakukubali. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mjini Washington, na mwaka 1906 hukumu ilitenguliwa kwa majaji saba dhidi ya wawili. Jaji David Brewer, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alishikilia kwamba utumwa ni hali ya kulazimishwa kumtumikia mwingine, basi. Kumzuia mtu asifanye kazi si kumfanya mtumwa, na anayetaka ulinzi autafute kwa jimbo lake. Ni hoja inayosomeka vizuri kwa mtu aliyeketi mbali na Poinsett. John Marshall Harlan alipinga, na William Day akaungana naye.

Miaka kumi na mitatu ilipita. Mwishoni mwa Septemba 1919, karibu na Elaine katika wilaya ya Phillips, wilaya ileile ambayo mji wake mkuu ulikuwa Helena, wakulima weusi walikutana kanisani kwa ajili ya chama chao. Walitaka bei ya haki kwa pamba yao. Risasi zikafyatuliwa, mzungu mmoja akafa, na siku zilizofuata magenge na askari waliwasaka watu weusi mashambani. Idadi ya waliouawa haijapata kukubaliwa na wote. Wako wanaohesabu makumi, na wako wanaohesabu mamia. Wazungu waliokufa walikuwa watano. Waliohukumiwa kunyongwa walikuwa watu weusi kumi na wawili. Kesi moja ilichukua kama dakika 45, na waamuzi hawakuhitaji hata dakika tano kutoa neno lao.

Mwaka 1921 mawakili wa sita kati yao waliomba mahakama ya shirikisho iwaokoe. Mahakama hiyo ilikuwa ya Trieber. Naye akajitoa katika shauri, kwa kuwa alipata kuwa mkazi wa wilaya ya Phillips. Adabu ya kazi yake ilimtaka afanye hivyo, na siwezi kumlaumu. Lakini mtu aliyeijua nchi ile kuliko majaji wote ndiye aliyeondoka kitini siku ilipomhitaji. Jaji aliyeletwa mahali pake, kutoka Oklahoma, alilitupa ombi. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Oliver Wendell Holmes, iliamua kwamba kesi inayotawaliwa na kundi lenye ghadhabu si kesi kwa maana ya Katiba, na kwamba ombi lilistahili kusikilizwa. Hatimaye hakuna hata mmoja wa wale kumi na wawili aliyenyongwa.

Trieber hakuishi kuona mwisho wa lile la mwaka 1903. Mwaka 1965 mtu mweusi aliyeitwa Joseph Lee Jones aliishtaki kampuni iliyokataa kumwuzia nyumba karibu na St. Louis, mji uleule ambao jamaa ya Trieber waliufikia kwanza. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ilimpa haki kwa sheria ileile ya mwaka 1866 na rekebisho lilelile la 13, na katika tanbihi ya hukumu hiyo ikaifuta hukumu ya Hodges, kwa kadiri ilivyopingana na uamuzi mpya. Majaji saba walikubali, wawili wakapinga. Mmoja wa wapinzani aliitwa John Marshall Harlan. Alikuwa mjukuu wa yule wa mwaka 1906.